Kodi isiyoandikwa ukutani huzaa hongo: somo la soko la Rialto

Mgeni anayefika Venice, Italia, hupelekwa kwanza kwenye uwanja wa Mtakatifu Marko. Hupiga picha kanisa lenye kuba tano, mnara wa kengele na Kasri la Doge, kisha hupanda boti na kuondoka. Mfanyabiashara akijaliwa kufika huko, aanzie Rialto, sokoni. Sehemu kubwa ya fedha iliyojenga fahari hiyo ilitokana na biashara.

Daraja la mawe la Rialto lilijengwa kati ya 1588 na 1591 kwa ramani ya Antonio da Ponte. Lina upinde mmoja tu, na maduka yamepangwa juu yake. Hatua chache kutoka hapo lipo kanisa dogo la San Giacomo. Kwenye ukuta wake wa nje kuna maandishi ya Kilatini ya zama za kati yanayowataka wafanyabiashara wa eneo hilo watende haki, mizani yao iwe sawa na mikataba yao isiwe na hila. Mkabala wake kuna sanamu ya mtu aliyeinama, iliyochongwa na Pietro da Salò mwaka 1541, akiwa amebeba ngazi mgongoni. Hapo ndipo mtangazaji wa serikali aliposimama kusoma sheria mpya mbele ya umma.

Soko la samaki nalo lina bamba la mawe la zamani ukutani linaloonyesha urefu wa chini wa samaki aliyeruhusiwa kuuzwa. Sardini ilikuwa sentimita 7, mkunga sentimita 25, chaza sentimita 5. Mvuvi, muuzaji, mnunuzi na mkaguzi walisoma bamba hilohilo. Ubishi ulimalizwa na rula.

Wageni pia waliwekewa utaratibu. Wajerumani walipewa jengo kubwa kando ya daraja, Fondaco dei Tedeschi. Neno "fondaco" limetokana na Kiarabu "funduq", nyumba ya kupokea wageni na mizigo. Humo walilala, waliweka bidhaa, waliuza na kulipa ushuru. Jengo lilipoungua mwaka 1505, serikali ililijenga upya, na kuta zake za nje zikapambwa kwa michoro ya Giorgione na Titian. Baadaye Titian alipewa nafasi ya udalali katika jengo hilo, iliyomwingizia kipato. Sanaa na ushuru vilikaa nyumba moja. Mwaka 1621 wafanyabiashara wa dola ya Uturuki nao walipewa jengo lao.

Utaratibu huo ulikuwa na ukali wake. Mjerumani hakuruhusiwa kuuza popote alipotaka, na milango ya nyumba yake ilifungwa usiku. Hakuna mfanyabiashara wa leo anayetamani kufungiwa hivyo. Lakini alijua mahali pa kulipa na dalali wa kumsimamia, na sheria za soko zilitangazwa hadharani.

Historia ya Afrika Mashariki inaonyesha upande wa pili wa jambo hili, na Venice imo ndani yake. Katika karne ya 19, shanga za kioo zilizotengenezwa Venice zilipitia Zanzibar na Bagamoyo, zikabebwa na misafara hadi bara. Pamoja na vitambaa, zilitumika kulipia chakula na kulipa hongo. Wakati huo hongo ilikuwa ushuru wa njia aliotozwa mpitaji na mtawala wa eneo. Kiwango chake hakikuandikwa popote. Kilibishaniwa upya kila msafara ulipofika. Leo neno hilohilo maana yake ni rushwa. Kodi ambayo mlipaji hawezi kuisoma haichukui muda mrefu kugeuka hivyo.

Hilo ndilo linalopaswa kuwasumbua viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005 na Soko la Pamoja mwaka 2010. Upo utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na ulio kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, huvuka kwa cheti rahisi cha uasilia bila ushuru wa forodha. Ni haki kubwa, lakini haina faida kwa mama mwenye matenga ya nyanya ambaye hajawahi kuiona imeandikwa. Asiyeijua huchepuka njia za panya, ambako mzigo unaweza kutaifishwa na yeye mwenyewe kudhurika.

Wapo watakaosema kwamba taarifa zote zimo kwenye tovuti. Tovuti ni nzuri kwa mwenye simu ya kisasa, bando na Kiingereza cha sheria. Venice yenyewe, ilipoanza Aprili 2024 kuwatoza wageni wa siku moja yuro 5, ilitangaza mapema tarehe, saa na kiasi. Mtalii anayekuja kutazama makasri anajua atalipa nini kabla hajapanda treni. Mwuza mahindi wa Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo anastahili uhakika uleule kabla hajapakia gunia.

Kinachotakiwa hakihitaji mkutano wa marais. Kila kituo cha mpakani na kila soko la karibu nacho kiwe na bango kubwa la kudumu, kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo, lenye orodha ya bidhaa, kikomo cha dola 2,000, ada halali za huduma na namba ya kupeleka malalamiko. Vyama vya wafanyabiashara vidai bango hilo, na likichelewa vichange fedha na kuomba kibali cha kulisimamisha. Kisha mwanachama yeyote akitajiwa malipo yasiyokuwemo, aombe kwanza aonyeshwe yameandikwa wapi.