Ransomes: Pongezi Kutoka Kola

Mwaka 2029 itatimia miaka 240 tangu Robert Ransome, Mkristo wa madhehebu ya Quaker, ahamie mji wa Ipswich, mashariki mwa Uingereza, na kuanza kusubu chuma katika jengo lililokuwa la kutengenezea kimea. Husimuliwa kwamba mtaji wake ulikuwa pauni 200 na mfanyakazi mmoja. Sherehe zikifika, Ipswich itakuwa na mengi ya kusema. Sisi wa Kola, katika Kaunti ya Machakos nchini Kenya, tunatangulia kutoa pongezi zetu, kwa sababu kazi ya kiwanda kile imo katika mashamba ya vilima hivi.

Tunachokienzi zaidi ni ulimi wa plau. Zamani ulimi wa chuma cha kusubu uliisha makali upesi, na mkulima alilazimika kuacha kazi akaunoe. Mwaka 1803 Ransome alipata hati ya kulinda ugunduzi wake wa kupoza upande mmoja wa ulimi kwa ghafla. Sehemu ya chini ya kalibu ilikuwa ya chuma baridi. Uji wa chuma ulipoigusa, upande wa chini wa ulimi uliganda ukawa mgumu sana, huku wa juu ukibaki laini. Shambani, udongo ulikula upande laini kwanza, na ule mgumu ukabaki umejitokeza kama ukingo wa kisu. Ulimi ulijinoa wenyewe kadiri ulivyolima.

Miaka mitano baadaye alifanya jambo ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko hilo. Hati yake ya 1808 ilihusu plau iliyofungwa kwa sehemu zinazobadilishana. Kipande kikiisha au kikivunjika, unafungua nati, unatia kingine, unaendelea. Mkulima aliye mbali na mhunzi hakuhitaji tena kubeba plau nzima hadi mjini. Anayelima huku kwetu, Kalama au Mbooni, leo, na spana yake mfukoni, anaifaidi fikra hiyo.

Kiwanda chenyewe hakikukaa palepale. Mhandisi William Cubitt alipojiunga nacho 1812 kilianza kujenga madaraja. Daraja la Stoke, lililofunguliwa 1819 mjini Ipswich kwao, ni mfano mmoja. Kuanzia 1832 kilitengeneza mashine za kukatia nyasi, na 1841 kikaonyesha injini ya mvuke ya shambani mjini Liverpool. Kazi ya reli ilikua hata ikazaa kampuni yake, Ransomes & Rapier, mwaka 1869. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wafanyakazi wake waliunda ndege, kisha baadaye mabasi ya umeme. Hivyo karakana ya kusubu chuma iligeuka kampuni kamili ya uhandisi.

Lakini historia inayotugusa ilitokea huku. Plau ilipoingia Ukambani, nchi ya Wakamba, wakati wa ukoloni, mwanzoni iliwasaidia watu kupanua mashamba haraka, na mvua ikawa inauchukua udongo uliofunguliwa. Mwaka 1937 ofisa wa kuhifadhi udongo, Colin Maher, aliieleza wilaya ya Machakos kama nchi inayoharibika vibaya. Serikali iliamua kwamba kosa ni la mifugo, ikaanza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao na kuuza ng'ombe hao kwa bei ya kutupa. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza watu wake, wazee, kina mama na watoto, kwenda Nairobi, wakapiga kambi Kariokor wakidai ng'ombe warudishwe. Walishinda, ingawa yeye alipelekwa uhamishoni Lamu. Ng'ombe ndiye mguu wa plau. Kama unyang'anyi ule ungeendelea, plau zingebaki vyuma vya kuning'inizwa ukutani.

Kilichofuata ni kazi ya wakulima wenyewe. Kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja, walichimba matuta ya fanya juu, ambayo udongo hutupwa upande wa juu wa mtaro, kuzunguka vilima, na plau ikapewa mahali pake, juu ya kitalu kilichosawazishwa. Walijifunza kulima kwa maksai wawili tu, kupanda mahindi kwa mistari, na kupitisha plau ileile katikati ya mistari kupalilia. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa 1994, ulionyesha wilaya iliyokuwa imekatiwa tamaa ikilisha watu wengi zaidi huku mmomonyoko ukipungua. Hapa Kola kikundi cha Utooni, kilichoanza 1978, kiliongezea mabwawa ya mchanga. Mvua yetu ni fupi. Anayewahi kulima ndiye anayevuna, na bila plau hakuna kuwahi.

Ransomes waliuza kitengo chao cha zana za kilimo mwaka 1987 na kubaki na mashine za nyasi. Mwaka 1998 kampuni ikanunuliwa na Textron ya Marekani. Tunasikitika kwamba nyumba iliyolelewa na plau iliiacha plau. Hata hivyo plau yake ya aina ya Victory ilikwisha kuwa mali ya Afrika. Viwanda vya Ubungo mjini Dar es Salaam na vya Bulawayo huko Zimbabwe vilitengeneza plau za maksai kwa wakulima wetu, na mafundi wa juakali wa hapa nchini huchonga ndimi kutoka vyuma vya magari makuukuu.

Hapo ndipo tunapoomba sherehe ya miaka 240 izae kitu. Ndimi nyingi zinazouzwa sokoni haziingiani na plau zilizoko nyumbani: matundu ya nati yanapishana kwa upana wa kidole, chuma ni laini, na mama aliyeuza kuku kununua ulimi anarudi nao nyumbani bila faida. Kaunti ya Machakos ina vyuo vya ufundi vyenye vijana na karakana. Viwekewe kipimo kimoja cha matundu na kiwango kimoja cha ugumu wa chuma, na fundi atakayevifuata apewe alama ya kugonga juu ya kazi yake, ili ulimi ulionunuliwa Kola siku ya soko ufungwe jioni hiyohiyo kwenye plau yoyote, kabla mvua ya Oktoba haijaanguka.