Adabu ya Fundi Asiye na Bwana



Siku hizi ukimwuliza kijana wa kidato cha nne atafanya kazi gani baada ya masomo, si ajabu akujibu kuwa atatengeneza tovuti, tena kwa kujitegemea, bila kuajiriwa na mtu. Jibu hili huwafurahisha vijana na kuwatia hofu wazazi. Vijana hufurahi kwa kuwa kazi hiyo haina kengele, haina daftari la mahudhurio, wala mkubwa wa kumwuliza mtu kwa nini amechelewa. Wazazi huogopa kwa sababu hizo hizo. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea, maana zinadhani kuwa kazi isiyo na bwana haina nidhamu. Mtu asiye na bwana mmoja ana mabwana wengi: kila mteja anayemletea kazi ni bwana wake mpaka siku ya kuikabidhi. Kwa hiyo adabu kwake ni chombo cha kazi, kama vile futi ilivyo chombo cha seremala.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi mlango wa kazi hii ulivyo wazi. Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na mji wa Geneva, Uswisi, alitoa shauri la kuunganisha maandishi yaliyomo katika kompyuta mbalimbali. Mwaka 1991 mpango wake ulifunguliwa kwa watu wa nje, na mwezi wa Aprili 1993 CERN ikatangaza kuwa mtu yeyote aweza kuutumia bila ada. Ndiyo maana leo kijana wa Songea au Kigoma mwenye kompyuta na bando aweza kujifunza lugha ya HTML na kuanza kazi bila kumwomba mtu ruhusa.

Hiyo ni baraka, lakini ina upande wa pili. Daktari husajiliwa kabla hajamgusa mgonjwa, na mhandisi kabla hajajenga daraja. Mtengenezaji wa tovuti aghalabu hupewa kazi kwa neno la jirani tu: "Mwite fulani, ni mtu wa kuaminika." Neno hilo ndilo cheti chake. Likigeuka kuwa "Fulani? Achana naye," hakuna ofisi atakayokwenda kupata cheti kingine.

Sote twawajua mafundi cherehani wa mitaani kwetu. Wapo waaminifu, na wapo wale ambao mama hupeleka kitambaa mwezi mzima kabla ya sikukuu, akaambiwa "njoo kesho" mara tatu, na jioni ya kuamkia Idi au Krismasi akakuta kitambaa hakijakatwa. Pengine fundi aliugua, au cherehani iliharibika. Hayo humpata kila mtu, na mama angeyasamehe. Asilosamehe ni zile "njoo kesho" tatu, maana kila moja ilimnyima nafasi ya kutafuta fundi mwingine. Mtengenezaji wa tovuti asipojiangalia atakuwa fundi huyo huyo, tena mbaya zaidi, kwa sababu yeye hana hata kibanda ambacho mteja aweza kwenda kusimama mlangoni. Akizima simu, amepotea.

Basi desturi ya kwanza ni kujibu. Fundi ajiwekee saa za kufungua barua, mathalan asubuhi kabla ya kuanza kazi na alasiri kabla ya kuimaliza, na barua ya mteja isilale zaidi ya siku moja bila jibu. Si lazima jibu liwe refu. "Nimeipata, nitakueleza Alhamisi" latosha, alimradi Alhamisi ikifika aeleze kweli. Umeme ukikatika, bando likiisha, au kazi ikionekana kuwa kubwa kuliko alivyofikiri, aseme kabla ya siku ya ahadi. Habari mbaya ya Jumatatu ni msaada kwa mteja. Habari hiyo hiyo ikingoja mpaka Ijumaa ni hasara kwake. Wahenga walisema ahadi ni deni, na mwenye deni muungwana humwendea anayemdai kabla hajatafutwa.

Desturi ya pili ni kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo zinavyopotea kazi nyingi za namna hii. Mteja anasema, "Nitengenezee tovuti ya hoteli yangu." Fundi anafikiria kurasa nne, mteja anafikiria kumi na mbili pamoja na mahali pa wageni kulipia vyumba. Wote wawili wanaitikia, na ugomvi umekwisha kupandwa. Karatasi moja yatosha kuuzuia. Iandikwe: kurasa ni ngapi na za nini; nani ataleta maneno na picha, na lini; kazi itakabidhiwa tarehe gani; marekebisho yatafanywa mara ngapi kabla ya kuhesabiwa kuwa kazi mpya; bei ni kiasi gani. Kama bei ni shilingi 600,000, iandikwe kuwa arubuni ni 300,000 kabla ya kuanza, na 300,000 baada ya mteja kuiona tovuti mahali pa majaribio, kabla haijafunguliwa kwa watu wote. Pande zote mbili zitie sahihi, na kila malipo yatolewe stakabadhi. Karatasi hiyo haina maana kwamba watu hawaaminiani. Inawakumbusha walichokubaliana wakati ambapo walikuwa bado wanacheka pamoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Tovuti ina vitu viwili vya kulipia kwa muda. Cha kwanza ni jina lake, kama jina lililoandikwa juu ya mlango wa duka. Cha pili ni nafasi katika seva, kama kiwanja ambacho duka limesimama. Vyote viwili aghalabu hulipiwa mwaka hadi mwaka. Muda ukipita bila malipo tovuti hufungwa, na hatimaye jina laweza kuchukuliwa na mtu mwingine kabisa. Wapo mafundi ambao, ama kwa uvivu ama kwa hila, huandikisha jina la biashara ya mteja kwa jina lao wenyewe na kwa barua pepe yao wenyewe. Mwaka wa kwanza hakuna anayeona ubaya. Mwaka wa pili fundi amebadili namba ya simu, onyo la kulipa linakwenda kwake, na mwenye biashara, ambaye amekwisha chapisha jina hilo katika kadi, mifuko na ubao wa barabarani, hana pa kushika. Wengine hulazimika kuanza upya kwa jina jingine. Huko ni kumjengea mtu nyumba kisha kuondoka na funguo.

Kwa hiyo jina liandikishwe kwa mteja mwenyewe, kwa barua pepe anayoifungua mwenyewe, tangu siku ya kwanza. Siku ya kukabidhi apewe karatasi inayoonyesha kampuni zinazolipwa, tarehe ya malipo yajayo, na mahali pa kuingilia; kisha abadili maneno ya siri mwenyewe, fundi akiwa hapo kumwelekeza. Hata kama malipo yamechelewa, jina ni la mteja. Fundi adai fedha zake kwa karatasi ile waliyotia sahihi. Kadhalika majina na namba za simu za watu anazozikuta katika kazi ya mteja si zake kuzichukua wala kuzionyesha. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini muungwana hangoji sheria imfundishe kufunga mdomo.

Yako mambo madogo ya lugha na saa ambayo huwaponza vijana. Mteja mzee wa hapa nyumbani husalimiwa kwanza. Kumwandikia mkuu wa shule "Mambo vipi, ile picha iko wapi?" ni kuharibu kazi kabla haijaanza, shikamoo haigharimu kitu. Mteja wa Ulaya au Marekani salamu fupi yamtosha, naye hupenda aambiwe shida mara moja. Tena uangalie saa. Saa tatu ya asubuhi hapa kwetu ni saa kumi na mbili ya asubuhi London wakati wa baridi, na New York ni saa saba ya usiku. Ukimpigia simu wakati huo umemwamsha mtu kitandani. Na ukitafsiri "saa mbili" yetu kwa Kiingereza bila kufikiri, utamkosa mteja kwa saa sita nzima. Hata tarehe ina mtego: 3/4 kwetu ni tarehe 3 Aprili, lakini Mmarekani huisoma kuwa Machi 4. Andika jina la mwezi, nawe umekwepa mtego.

Tena kuna mtu ambaye fundi hatamwona kamwe, naye pia anastahili adabu: ni yule atakayeifungua tovuti. Picha moja iliyopigwa kwa simu yaweza kuwa na megabaiti 4. Ukiweka picha 20 za namna hiyo katika ukurasa mmoja, umemtwika msomaji megabaiti 80, naye huenda amenunua bando dogo kwa fedha ya kubana. Picha hizo zaweza kupunguzwa mpaka kilobaiti 200 kila moja, na jicho lisione tofauti kubwa katika simu. Kuna na wasioona, ambao simu zao huwasomea maandishi kwa sauti. Picha isiyoandikiwa maelezo kwao ni ukuta mtupu. Miongozo ya kuwajali watu hao ilitolewa tangu mwaka 1999, na kuandika mstari mmoja chini ya picha hakumchoshi mtu.

Watu wengine watasema, "Mteja anataka kazi nzuri tu, mambo ya salamu na karatasi ni ya wazee." Nami nawajibu kwamba mteja aghalabu hawezi kupima uzuri wa kazi iliyo ndani ya kompyuta. Hajui kama maandishi yake yamepangwa vyema au yamelipuliwa. Anachoweza kupima ni kama ulikuja siku uliyosema, kama ulimweleza kwa heshima alipouliza, na kama bei haikubadilika njiani. Kwa hayo anayoyaona ndiyo anakisia yale asiyoyaona. Akitaka maandishi mekundu juu ya rangi ya kijani, mwambie mara moja, pamoja na sababu, kwamba hayatasomeka vizuri. Akishikilia, fanya, mwenye nyumba ndiye achaguaye rangi ya ukuta. Lakini akitaka uibe picha za mtu mwingine au uandike uongo, kataa kwa upole, hata kama arubuni uliihitaji sana.

Nisiwaelemee vijana peke yao. Wazazi na wateja nao wana sehemu yao. Si haki kumwambia kijana, "Hii kazi ndogo, unabonyeza bonyeza tu," hali amekesha siku tatu. Si haki kuchelewesha maneno na picha mwezi mzima, kisha kumlaumu kwa kuchelewa. Nasi ndugu tuna mazoea ya kudai kazi ya bure kwa kuwa "wewe ni mtoto wetu." Kijana aweza kumtolea mjomba wake kazi kuwa zawadi, na ni jambo jema, ila liamuliwe kabla ya kuanza. Kazi ambayo mmoja anaihesabu kuwa zawadi na mwingine kuwa deni huvunja undugu. Na mzazi ambaye mwanawe anafanya kazi chumbani asimtume dukani kila nusu saa kwa kuwa hakuvaa sare ya ofisi. Kijana naye amsaidie mzazi kuamini: aamke mapema, aoge, avae nguo za mchana, na aketi kazini kwa saa zinazojulikana.

Nina shauri moja kwa walimu wa kompyuta. Katika muhula ujao wanafunzi wawili wawili wapewe mteja wa kweli, mathalan duka la shule, kikundi cha akina mama wanaofuma vikapu, au fundi wa baiskeli hapa jirani. Waandikiane mkataba, wataje tarehe, wakabidhi na funguo. Mwalimu anaposahihisha asitazame kurasa peke yake. Amwulize na mteja kama alijibiwa kwa wakati na kwa heshima, na alama nusu zitoke kwake. Nina hakika matokeo yatatushangaza, na wapo wenye mikono hodari watakaopitwa na wenye neno thabiti. Ni afadhali walijue hilo hapa shuleni, ambako hasara yake ni alama tu, kuliko kulijua mjini, ambako hasara yake ni riziki.