Kinga Yako: Amortiseri ya Mbele

Weye kijana unayetoka Katuba kila asubuhi juu ya kinga, leo tuzungumze habari ya amortiseri ya mbele. Ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu na kucheza juu na chini. Ndani mna resori ao hewa.

Wale wanaoleta makala kwa barabara ya Kasenga hawaitafuti. Kinga yao ina chuma kigumu mbele, na hawakukosea: na mzigo mzito, ukishika freni amortiseri laini inazama na gido inainama nayo. Lakini kinga nyingi za leo, za mpya na za okazio, zinayo. Basi ujue kuitumia, zaidi sana kama unabeba mdogo wako nyuma.

Angalia juu ya miguu ile. Utaona buto moja ao mbili, na ni hapa wengi wanadanganyika. Ile yenye alama + na − haifungi kitu. Inakaza resori tu, isilale sana chini ya uzito wako. Buto ya kufunga mara mingi iko mguu wa kuume. Inazunguka kidogo, karibu robo ya duara, na ndani inaziba njia ya mafuta. Amortiseri nyingi za bei ndogo hazina hii ya pili, hata muuzaji akuapie.

Usibishane naye. Shika freni ya mbele, sukuma gido chini kwa uzito wa mwili. Ikiwa imefungwa kweli, haishuki, ao inashuka kidogo sana. Ikicheza kama kawaida, hakuna kufuli pale, ao imekufa.

Kupima resori, funga kamba nyembamba kwenye mguu unaong'aa, isukume mpaka chini kwenye mpira wa kuzuia vumbi. Mwenzako ashike kinga, panda polepole, kaa, kisha shuka polepole. Kamba itakuwa imepanda. Kama amortiseri inacheza milimita 100, kamba ipande 15 mpaka 25. Ikipita pale, zungusha kwenda +. Isipofika, kwenda −.

Kwenye lami ya Kipushi, ao ukipanda mlima umesimama juu ya pedali, funga: nguvu ya miguu isipotee ndani ya resori. Lakini mbele ya mteremko wa mashimo, fungua. Nimeona vijana wanasahau! Ikiwa imefungwa, shimo linapiga mikono, linaweza kuvunja kile kifungio cha ndani, na gurudumu linaruka. Gurudumu lililo hewani freni haina kazi nalo, na mtoto yuko nyuma.

Wakati wa kipwa, vumbi jekundu linakula mipira ile. Panguza miguu kwa kitambaa kikavu kila jioni, usitie esansi. Ukiona mafuta yanatiririka kwenye mguu mmoja, peleka kwa fundi, na mtoto aende masomo kwa miguu mpaka itengenezwe.