Mzee na Karani: Kila Mmoja na Kazi Yake

Popote watu wanapogombea mpaka, malisho au kisima, hamkosi kusikia mithali mbili. Mzee husema, "Penye wazee haliharibiki neno." Karani naye hujibu, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mithali zote mbili ni za kweli, lakini mara nyingi kila mmoja huitumia yake kumnyamazisha mwenziwe. Juma hili nataka tutazame habari za Wajir, kwa maana watu wa huko waliisoma kazi ya mithali hizi kwa gharama kubwa.

Wajir ni nchi kavu ya Kaskazini Mashariki ya Kenya, na riziki ya wengi ni ngamia, mbuzi na ng'ombe. Tangu zamani wafugaji wa huko wana mapatano yao ya koo. Mtu akiuawa, ukoo wa muuaji hulipa diya, na wazee huketi mpaka neno liishe. Desturi hiyo iliokoa roho nyingi. Lakini katika miaka ya 1991 na 1992 mambo yaliwazidi wazee nguvu. Ukame uliua mifugo. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991, na bunduki zikavuka mpaka pamoja na wakimbizi. Kisha uchaguzi wa 1992 ukachochea uhasama baina ya koo za Ajuran, Degodia na Ogaden. Watu wakauana, mifugo ikanyang'anywa, na hata sokoni wanawake wa koo mbali mbali wakakataa kuuziana vitu.

Huenda msomaji akauliza, "Je, serikali ilikuwa wapi?" Yafaa tukumbuke kwamba watu wa Wajir walikuwa wamekwisha kuonja nguvu zisizosikiliza. Februari 1984 wanaume wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla ili wasalimishe silaha, na mamia ya watu wakapoteza maisha yao. Baada ya msiba kama huo, afisa akija na amri ya amani mkononi, nani angemwamini mara moja?

Basi mwaka 1993 wanawake wachache, mmoja wao akiwa Dekha Ibrahim Abdi, walianzia pale walipokuwa na uwezo, yaani sokoni. Walipatana kwamba kila mwanamke auze na anunue bila kubaguliwa kwa ukoo wake, wakaweka wenzao wa kuangalia kwamba neno hilo lafuatwa. Soko lilipotulia, waliwaendea wazee. Hawakulidharau baraza lao, wala hawakulinyang'anya kiti chake. Walitafuta msaada wa mzee wa ukoo mdogo, ambao haukuogopwa na mtu, ili awaunganishe wakubwa. Mnamo Septemba 1993 wazee wa koo walikubaliana juu ya tamko la amani lililoitwa Al-Fatah.

Hata hivyo, tamko peke yake halikimbii haraka kama risasi. Ndiyo maana mwaka 1995 iliundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, chini ya uenyekiti wa Mkuu wa Wilaya. Ndani yake walikuwamo wazee, wanawake, vijana, viongozi wa dini na maafisa wa usalama. Zikija habari za wizi wa mifugo au mauaji, wajumbe walifunga safari pamoja kwenda kuzima moto ungali mdogo. Afisa alikuwa na gari, redio na sheria. Mzee alijua koo, njia za mifugo, na neno la kumtuliza aliyefiwa. Hakuna aliyeweza kuifanya kazi ya mwenziwe. Mwaka 2007 Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood kwa kazi yake ya amani. Alifariki mwaka 2011.

Lakini tusidanganyane kwamba kila lililo la zamani ni jema. Katika Tamko la Modogashe la mwaka 2001, ambalo lilifuata desturi katika wilaya za kaskazini, fidia ya mwanamume aliyeuawa iliwekwa kuwa ngamia au ng'ombe 100, na ya mwanamke 50. Je, mama aliyeleta amani sokoni ana thamani ya nusu mtu? Hapo karani hana budi kusimama na kusema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 159, yazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha ugomvi. Lakini kifungu hicho hicho chakataza njia hizo zisivunje haki za binadamu. Huo ndio mgawo mzuri wa kazi: desturi huwakutanisha watu, na sheria humlinda aliye mnyonge katika mkutano huo.

Wewe mkulima usiye na ngamia, usiseme kwamba habari hizi hazikuhusu. Hati ya shamba hueleza ukubwa wa ardhi, lakini haielezi kwa nini ndugu wawili waliacha kusalimiana. Mpima ardhi aweza kuonyesha mpaka ulipo. Hawezi kuwafanya mle pamoja tena. Kadhalika mzee aliyeona miti ya mpaka ikipandwa aweza kuwapatanisha, lakini akifa bila maneno yake kuandikwa, wajukuu watarudia ugomvi ule ule, na safari hii kwa mapanga.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwa wakili, mwite mzee huyo pamoja na jirani yako, mkautembee mpaka kwa miguu. Mwite na kijana mwenye kalamu, aandike yaliyokubaliwa, ayasome kwa sauti mbele ya wote, kisha mtie sahihi pamoja na mashahidi. Wala msiwaache nje akina mama, kwa kuwa wao ndio wanaolima shamba hilo kila siku. Fanyeni hivyo mzee angali hai.