Kiingereza kiko juu ya mfuko wa unga



Juma lililopita mama mmoja wa hapa Kikula, anayeuza makala, alitufikia na franka zake zimefungwa katika kona ya kitenge. Binti yake yuko kilasi cha mwisho cha humanité na Exetat inakaribia. Alitaka tumwonyeshe anunue kamusi gani nene. Kisha akasema kwa sauti ya chini: « Mimi Kiingereza sikusoma, mwalimu. Nitamsaidia na nini? »

Tulimwambia afunge tena kitenge chake.

Tuungame kwanza. Kwa miaka, sisi walimu tuliwapa watoto orodha ya maneno 50 kila juma. Siku ya kuulizwa walipata pointi nzuri. Majuma mawili baadaye tukiuliza maneno yaleyale, wanatazama dari.

Neno linashika kichwani likiwa na kazi. Tazameni mfuko wa unga wa Zambia, ule wa kilo 25: umeandikwa « breakfast meal » au « roller meal ». Sisi tunaupikia bukari ya mchana, lakini « breakfast » ni chakula cha asubuhi: « break » ni kuvunja, « fast » ni kufunga kula. Hapo mtoto amepata maneno matatu kwa bei ya moja, na kesho atayakuta tena jikoni. Yale malori marefu ya barabara ya Kolwezi nayo yana kibao « abnormal load ». « Load » ni mzigo, « unload » ni kuushusha. « Abnormal » Mfaransa alishampa.

Ndiyo, Kifaransa kinasaidia sana. Tangu Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, maneno maelfu yalivuka bahari. Lakini rafiki huyo anasaliti pia. Mwanafunzi wetu mmoja aliandika « I attended my mother at the market », akifikiri amesema alimngoja mama yake sokoni. Hapana: « attend » ni kuhudhuria. « Library » nayo haiuzi vitabu, inaazimisha. Na kwa kuwa katika Exetat mtoto anachagua jibu kati ya mengi, lile linalofanana na Kifaransa ndilo linalomvuta haraka. Maneno ya namna hiyo ayaandike kwa biki nyekundu.

Sasa kazi ya mama. Kaye ndogo inatosha. Kila jioni maneno matano, si 50. Upande wa kushoto mtoto anaandika sentensi fupi ya Kiingereza aliyoitunga mwenyewe, yenye neno lile. Upande wa kulia, maana kwa Kiswahili. Kesho yake mama anashika kaye, anasoma Kiswahili tu. Mtoto anaandika Kiingereza kwenye karatasi, na mama analinganisha herufi kwa herufi; kwa hilo hahitaji diploma. Warudie baada ya siku tatu, tena baada ya juma. Neno lililoanguka linaanza upya. Dakika kumi, hata kwa mshumaa umeme ukikatika.

Yule mama alinunua kaye tu. Neno la kwanza binti alilomwandikia ni « charcoal », yaani makala. Jana tulipita mbele ya meza yake, akatuita kwa neno hilo, na wateja wakacheka pamoja naye.