Paa la Gari Halina Muhuri

Siku msafara uliposimama sokoni kwetu, Rais alichomoza kwenye paa la gari, akashika kipaza sauti, akauliza tunataka nini. Umati ukanguruma: lami! Akamwinamia waziri aliyekuwa ubavuni mwake, kisha akatangaza kwamba mkandarasi atafika kabla ya Krismasi. Vigelegele. Mzee mmoja wa bodaboda kando yangu akafunga mjadala: "Hiyo imeisha. Mkubwa ameshasema."

Haikuwa imeisha, mzee wangu. Haikuwa hata imeanza.

Imani kwamba neno la Rais ni sheria tuliirithi. Enzi za Rais Moi, mtu aliamka mkurugenzi, akala chakula cha mchana akisikiliza taarifa ya habari ya saa saba, na kabla hajanawa mikono akawa hana kazi. Waliotunga Katiba ya Kenya ya 2010 walikuwa na kumbukumbu hizo, ndiyo maana wakatuwekea Ibara ya 135: uamuzi wa Rais katika kutekeleza kazi aliyopewa na Katiba sharti uwe wa maandishi, wenye muhuri na sahihi yake. Miaka inapita, nasi bado tunashangilia kipaza sauti.

Nitaambiwa: lakini wewe, mbona barabara nyingine hujengwa kweli? Hujengwa, ndiyo. Pesa zake hutoka wapi? Rais hana kibeti cha lami. Pesa za umma hupitishwa na Bunge, na haziondoki kwenye hazina ya taifa bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Likizuka hitaji lisilokuwa kwenye bajeti, Ibara ya 223 inaruhusu serikali kutumia kwanza, kisha iombe idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili. Kwa hiyo lami ya ghafla sokoni kwetu mara nyingi ni lami iliyochomolewa kwenye makadirio ya kijiji kingine, ambacho msafara haukupita.

Kilichoniudhi zaidi siku ile hakikuwa Rais. Alikuwa mbunge wetu. Alipanda kwenye paa lilelile, mikono ameikunja kifuani kama mwombaji: "Mheshimiwa Rais, watu wangu wanakuomba barabara." Huyu ndiye mtu anayeketi katika nyumba inayogawa hizo pesa! Bajeti iliposomwa alikuwa wapi? Imani yetu ndiyo inayomsitiri. Inamsitiri gavana pia, kwa kuwa barabara za kaunti, masoko na zahanati ni kazi yake, wala si ya Ikulu. Na bado tunamsubiri Rais aje kufungua choo cha soko.

Hata pale Rais anapotia sahihi kweli, mara nyingi sahihi hiyo ni wajibu, si hiari. Mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliwateua majaji 34 waliopendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, akawaacha sita. Wengi walisema ni haki yake, yeye ndiye mkuu wa nchi. Lakini Katiba haikumpa chekeche la kupepeta majina, ilimpa kalamu. Sita hao walisubiri hadi Septemba 2022, William Ruto alipoapishwa na kuwateua.

Wiki chache baada ya msafara, kaunti iliitisha kikao cha kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti, katika ukumbi ulio hatua chache tu kutoka pale gari la Rais liliposimama. Viti vilikuwa vimepangwa hadi nje. Tulifika watu kumi na mmoja, wawili kati yao wakitafuta mahali pa kuchaji simu. Karani alisoma ukurasa wa barabara, akauliza kama kuna anayetaka kuongeza yetu. Nilinyoosha mkono. Akaniuliza nilikuwa nimetumwa na nani.