Wanahesabu mifuko ya mbolea. Kinachoingia ziwani anahesabu nani?



Leo naomba tuweke pembeni kidogo mambo ya tume ya uchaguzi na katiba, tuongee maji. Najua kuna atakayesoma neno fosforasi na kusema, "Ndugu mwandishi, na hili nalo ni la chama?" Ndiyo, ni la chama. Maji ya Ziwa Victoria yanakunywewa Mwanza, Musoma na Bukoba. Yanavutwa kwa bomba kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama, na siku hizi yanafika Nzega, Igunga na Tabora. Ziwa likichafuka, anayeumia siyo mvuvi wa Ukerewe peke yake. Hata mama lishe wa Tabora ambaye hajawahi kuliona ziwa lenyewe ataumia.

Tuanze na mfuko. DAP, ile mbolea ya kupandia, imeandikwa 18-46-0. Ukipiga hesabu, mfuko wa kilo 50 una takribani kilo 10 za fosforasi yenyewe. Ni chakula cha mizizi na bila hiyo mahindi yanadumaa. Tatizo linaanza pale chakula hicho kinapohama shamba na kuingia kwenye maji. Wataalamu wa maziwa wana kanuni yao ya makadirio: kilo moja ya fosforasi inaweza kuzalisha hadi kilo 500 za mwani. Kwa hiyo mfuko mmoja ukiishia wote ziwani, unaweza kulisha tani tano za ule utando wa kijani.

Kwa nini fosforasi na siyo kitu kingine? Kwa sababu sainobakteria, wale viumbe wanaofanya maji yawe kama rangi ya kijani iliyomwagika, wengi wao wanaweza kujichukulia nitrojeni hewani. Fosforasi hawawezi kuipata hivyo, wanangoja iletwe. Ikiletwa nyingi, wanazaliana. Wakifa, wanazama na kuoza, na kuoza kunamaliza oksijeni kule chini, samaki wakakosa pumzi. Oksijeni ikiisha, tope la chini nalo linaachia fosforasi iliyokuwa imelala humo, na mzunguko unaanza upya.

Ziwa letu lina ubaya mmoja zaidi. Ni pana, karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Maji yake mengi huingia kwa mvua na kutoka kwa mvuke, na mvuke haubebi fosforasi. Ni kama sufuria inayochemka jikoni. Maji yanapungua, chumvi inabaki. Tangu miaka ya 1960 fosforasi ndani ya ziwa imeongezeka sana na mwani umeongezeka nayo. Gugumaji lililoingia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuta meza imeshaandaliwa. Tulileta wadudu wa kulitafuna, tukaling'oa kwa mikono na mashine, likapungua, kisha likarudi. Lazima lirudi. Unamfukuza mgeni huku unaendelea kupakua chakula.

Na hili siyo suala la mandhari tu. Tarehe 2 Agosti 2014, mji wa Toledo kule Marekani, kando ya Ziwa Erie, ulitangaziwa kwamba maji ya bomba hayanyweki. Karibu watu nusu milioni wakakimbilia chupa za dukani. Sababu ilikuwa sumu inayoitwa maikrosistini, inayotolewa na sainobakteria na kushambulia ini. Wananchi waliambiwa wasichemshe maji, kwa sababu kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, bali maji yanapungua na sumu inabaki nzito zaidi. Hebu fikiria sisi, ambao kila mtoto amefundishwa kwamba usalama wa maji ni kuchemsha. Sisemi maji ya bomba ya Mwanza yana sumu leo. Ninachosema ni kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliikuta sumu hiyo hiyo kwenye Ghuba ya Mwanza, kwa viwango vidogo. Moshi umeshaonekana. Tusisubiri nyumba iwake.

Sasa tuongee ukweli baina yetu. Kwenye magrupu yetu nimewasikia vijana wakisema hoja ni nyepesi: mbolea ya ruzuku inaua ziwa, tupige hapo hapo. Makamanda, tukienda mikoani na hoja hiyo tutaaibika, na tutastahili kuaibika.

Kwanza, mkulima wetu hatumii mbolea nyingi. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakakubaliana kufikia kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Tanzania haikufika. Kumwambia mkulima wa Kwimba anayevuna gunia nne kwa ekari kwamba anatumia mbolea kupita kiasi ni tusi. Ruzuku iliyozinduliwa Nanenane ya 2022 ilishusha bei ya DAP hadi Sh70,000 kwa mfuko, na familia nyingi zimepumua. Chama kinachotaka kura za wakulima hakiwezi kusimama jukwaani kuitukana.

Pili, fosforasi haisafiri kama watu wanavyodhani. Inapenda kushikana na udongo. Sehemu kubwa inayotoka mashambani inaondoka pamoja na udongo wenyewe, mvua ya kwanza inapopiga shamba lililo tupu. Nenda Mto Simiyu mvua za mwanzo zikinyesha uone maji yalivyo, mazito na mekundu kama chai ya maziwa iliyoungua. Ile siyo rangi ya mto. Ni shamba la mtu linatembea, na ndani yake kuna rutuba ambayo haikutoka dukani kabisa, ilikuwa mali ya ardhi tangu enzi za mababu.

Tatu, na hili huwashangaza wengi, tafiti za ziwani zinaonyesha kwamba fosforasi nyingi sana huanguka kutoka angani, ikiwa vumbi na majivu. Tunapochoma mabua baada ya mavuno, tunapochoma vichaka na misitu, sehemu ya moshi ule inatua juu ya maji. Ukijumlisha na maji taka ya miji inayokua bila mfumo wa kutosha wa majitaka, unaona kwamba kumtafuta mchawi mmoja ni kupoteza muda.

Basi tuiache serikali? Hapana. Ndiyo kwanza tunafika kwenye hoja yetu.

Kila msimu tunatangaziwa idadi: tani kadhaa zimesambazwa, wakulima kadhaa wamesajiliwa, mifuko kadhaa imechukuliwa. Hiyo ni hesabu ya kilichotoka ghalani. Hesabu ya kilichobaki shambani haitangazwi, wala ya kilichoingia mtoni. Mafanikio yanapimwa kwa mfuko, basi. Mkulima akipewa mfuko bila kupimiwa udongo, akaumwaga juu ya shamba lenye mteremko, mvua ikaubeba, kwenye takwimu yeye bado ni mafanikio. Yeye mwenyewe kapoteza hela, ziwa limepata mwani, na anayelipa ruzuku ni mimi na wewe kupitia kodi.

Halafu inapofika kulinda maji, ghafla serikali inakumbuka fimbo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ni nzuri. Lakini nimeshuhudia inavyotekelezwa: mama mwenye tuta tatu za mchicha anafyekewa asubuhi na mapema, bila kuonyeshwa pa kwenda, na wale waliofyeka hawaonekani tena mpaka mwaka unaofuata. Wakati huo huo udongo unashuka kutoka vilima vilivyo kilomita nyingi juu, na huko hakuna aliyetia mguu. Mita 60 za ukingoni haziwezi kubeba peke yake dhambi za bonde zima.

Tena fimbo ilishajaribiwa. Miaka ya 1940 na 1950 mkoloni alikuja Usukumani na mpango wake wa maendeleo. Watu walilazimishwa kulima matuta, kuweka samadi na kupunguza mifugo, kwa sheria ndogo na faini. Baadhi ya yale aliyoyataka yalikuwa na maana kwa udongo. Lakini yalikuja kwa amri, na watu wakayakataa pamoja na aliyeyaleta, hasira ile ikawa mtaji wa TANU. Somo liko wazi: udongo haulindwi na askari. Unalindwa na mkulima aliyeona faida kwa macho yake.

Na faida ipo. Nirudi Erie. Baada ya Marekani na Kanada kusaini makubaliano mwaka 1972, walibana fosforasi kwenye maji taka na sabuni, na ziwa likapata nafuu. Kuanzia miaka ya 1990 mwani ukarudi, safari hii hasa kutoka mashambani. Moja ya sababu ni mbolea iliyomwagwa juu ya ardhi bila kufukiwa, mvua ikawa inaiyeyusha na kuondoka nayo. Leo jimbo la Ohio linawalipa wakulima ili mbolea iingie chini ya udongo. Sasa mwangalie bibi wa Misungwi anayechimba shimo, akaweka kisoda kimoja cha DAP, akafukia kidogo, kisha akadondosha mbegu. Kile ambacho Ohio inalipia, bibi anakifanya kwa kisoda. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kama udongo wake unaihitaji DAP hiyo au una njaa ya kitu kingine.

Kwa hiyo napendekeza vijana tusimamie mambo matano, na tuyapeleke kwenye sera ya chama.

Moja, udongo upimwe kabla ya mfuko kutolewa. Maofisa ugani walipewa pikipiki na vifaa vya kupimia. Tuulize kila kata: vifaa viko wapi, mashamba mangapi yamepimwa? Pale Ukiriguru tuna kituo cha utafiti wa kilimo kilichokuwepo tangu enzi za mkoloni. Kazi yake ifike shambani, isiishie kwenye makabrasha.

Mbili, ruzuku iguse pia udongo wenyewe. Kama kuna hela ya kumpunguzia mkulima bei ya mfuko, iwepo ya kumlipa kijana wa kijijini anayechimba makinga maji na kufundisha kulima kwa kukata mteremko badala ya kufuata maji yanakoelekea. Hiyo ni ajira, tena ajira ya kweli.

Tatu, ukanda wa kando ya mto uwe na mali ndani yake. Yule mama wa mchicha mwambie apande mabingobingo au vetiva, avune, auze majani kwa wenye ng'ombe. Majani yanakamata udongo kabla haujaingia majini. Akikatwa hamu ya kulima ukingoni kwa sababu majani yanamlipa, hutahitaji mgambo.

Nne, mabua yabaki shambani. Kijiji kinachoacha kuchoma kinafunika udongo wake na pia kinapunguza majivu yanayoruka ziwani. Mwenye mifugo na mwenye shamba wakae chini wagawane.

Tano, tuonyeshwe namba. Fosforasi ipimwe kwenye midomo ya mito, Simiyu, Mara na Kagera, hasa mvua za kwanza ambapo ndipo mzigo unapita, na matokeo yabandikwe mahali mwananchi anaweza kuyasoma. Kagera inabeba udongo wa Rwanda na Burundi pia, na ziwa tunagawana na Uganda na Kenya. Lakini karibu nusu ya ziwa iko kwetu. Hatuwezi kwenda kuwadai majirani hesabu wakati sisi wenyewe hatujafungua daftari.

Hatuhitaji kushika dola ndipo tuanze. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kijiji kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo zake. Nendeni, na msiende kupiga kelele. Nendeni na maswali matatu: udongo wetu ulipimwa lini? Maji ya mvua ya kijiji hiki yanaishia mto gani? Na kwenye ruzuku ya mwaka huu, shilingi ngapi imetengwa kuzuia shamba lisitembee? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Wakikosa majibu, na hilo nalo liandikwe.

Aluta continua.